Intaneti inasumbua baada ya kufunga adapta ya simu? Kagua tundu la waya

Baadhi ya adapta za simu ya intaneti (kifaa kinachounganisha simu ya kawaida na intaneti) zina matundu mawili: WAN, la kuingiza intaneti, na LAN, la kuipeleka kwenye kompyuta. Waya kutoka kwenye ruta uingie WAN. Ukiuchomeka LAN, adapta yenye ruta ndani yake nayo huanza kugawa anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao), ikigongana na ruta yako. Kompyuta moja inapata mtandao, ya pembeni haipati, nawe unamlaumu bure mtoa huduma. Usiiweke adapta kati ya modemu na ruta: NAT (kubadilisha anwani ili vifaa vingi vitumie intaneti moja) inakuwa mara mbili, na matundu yake mara nyingi huishia Mbps 100. Sauti inasikika upande mmoja? Zima SIP ALG kwenye ruta (kipengele kinachobadilisha data za simu za intaneti zinapopita). Hapa Kampala umeme ukirudi, washa ruta kwanza, subiri kama dakika 2, ndipo uwashe adapta.