Jasho, pumzi na mapigo: kuunganisha mwili na ulimwengu pepe

Elektrodi mbili kwenye kiganja cha kushoto, rezista moja, kapasita moja na ubao wa Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kusomea vihisi) uliounganishwa na laptopu: hivyo vinatosha kufanya ukungu wa ulimwengu pepe uzidi au upungue kwa kufuata mwili wa anayeutazama. Ila kabla ya kushika waya, jambo moja likae sawa kichwani. Hakuna kihisi kinachopima huzuni, furaha wala hofu. Kinachopimwa ni msisimko. Tezi za jasho za kiganjani huamka mtu anaposhtuka, anapocheka, anapoona aibu, hata anapovuta pumzi kwa ghafla, na mstari unaochorwa ni uleule. Kazi inayomwambia mgeni kwamba "mashine inasoma hisia zako" inamdanganya. Inayomwambia "mwili wako umebadilika, na dunia hii imebadilika nao" inasema kweli, na ndiyo inayojengwa hapa.

Tuanze na jasho, maana ndilo lenye kazi zaidi.

Mbali na Uno unahitaji bredibodi (ubao wa kuchomekea nyaya bila kulehemu), rezista ya kiloomu 100 (weka akiba ya kiloomu 47 na 220), kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na upande chanya wala hasi, nyaya laini za mita moja, na stika za ECG (za kupimia umeme wa moyo) za kutumia mara moja, zinazopatikana maduka ya vifaa vya hospitali. Stika moja ikae kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, ya pili upande wa pili wa kiganja, chini ya kidole kidogo. Foili ya jikoni na velkro vinafaa kwa jaribio la mezani tu: alumini hufanya utando, na baada ya dakika chache namba zinaanza kutambaa zenyewe.

Kwenye Uno, toa waya kutoka pini ya 5V kwenda elektrodi ya kwanza. Elektrodi ya pili iende A0, pini ya kusomea. Kutoka A0 weka rezista ya kiloomu 100 kwenda GND (pini ya sifuri ya umeme), na kapasita sambamba na hiyo rezista. Usiiruke kapasita kwa kudhani ni pambo. Mwili wa mtu hufanya kazi kama antena ya umeme wa ukutani wa hezi 50, na kapasita hii inaupunguza sana. Pia pini za kusomea za Uno zimetengenezwa kwa chanzo chenye ukinzani usiozidi kiloomu 10, na ngozi inazidi hapo kwa mbali. Kapasita hushika chaji ili usomaji usiyumbe.

Usalama hauna mjadala. Elektrodi zote mbili zikae mkono mmoja, ili mkondo usipite kifuani. Laptopu itumie betri, chaja ikiwa imechomolewa, kila mara mtu anapokuwa ameunganishwa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiunganishwe kabisa.

Uno itakupa namba n kati ya 0 na 1023. Usiitumie hivyo hivyo, kwa sababu uhusiano wake na ngozi haujanyooka. Igeuze kuwa mikrosimensi, kipimo cha jinsi ngozi inavyopitisha umeme:

G = 10 × n ÷ (1023 − n)

Kumi hiyo inatokana na rezista ya kiloomu 100. Ukiweka ya kiloomu 47, tumia 21.3. Kwa mfano n ikiwa 256, G ni kama 3.3, yaani ngozi yenye ukinzani wa karibu kiloomu 300. Hapo hatua moja ya n ni mikrosimensi 0.017, ilhali mshtuko mdogo wa ngozi huweza kuwa 0.05 tu: hatua tatu. Ndiyo maana kila kipimo kiwe wastani wa usomaji 16, na upate vipimo 20 kwa sekunde. Zaidi ya hapo ni kujaza data bure, kwa kuwa ngozi yenyewe ni ya polepole.

Subiri dakika tano stika zitulie, kisha jaribu: mwambie mtu avute pumzi moja kubwa ya ghafla. Tazama mstari. Sekunde ya kwanza haufanyi lolote. Kati ya sekunde ya kwanza na ya tatu unaanza kupanda, unafika kileleni, halafu unashuka taratibu kama mteremko wa mchanga. Ukishuka badala ya kupanda, umebadilishana nafasi ya rezista na ngozi. Ukirukaruka kwa pembe kali, waya umelegea au mkono unatikisika. Ukinyooka kabisa, pengine kosa si lako: kuna watu ambao viganja vyao havijibu. Kwa sababu yao, usijenge kazi nzima juu ya jasho peke yake.

Joto la pwani lina yake. Dar es Salaam au Mombasa, kwenye ukumbi usio na kiyoyozi, viganja vinakuwa vimelowa kabla onyesho halijaanza, n inapita 800 na hakuna nafasi ya kupanda tena. Badili rezista iwe ya kiloomu 47, weka feni ielekee kwenye mkono, na mkalishe mgeni dakika kumi kabla ya kumfunga. Kwenye baridi na ukavu tatizo ni la kinyume: n inabaki chini ya 50, na rezista ya kiloomu 220 inasaidia. Mikono ioshwe kwa maji ya kawaida na ikaushwe. Spiriti na vitakasa mikono hukausha ngozi na kuharibu kipimo.

Sasa tenga hali ya kawaida ya mtu na mabadiliko yake. Kwa vipimo 20 kwa sekunde, mistari mitatu inatosha ("sasa" ni G ya kipimo kipya):

haraka = haraka + 0.2 * (sasa - haraka)
kawaida = kawaida + 0.001 * (sasa - kawaida)
tofauti = haraka - kawaida

Anzisha "haraka" na "kawaida" kwa wastani wa dakika ya kwanza ya kutulia. Ukizianzisha na sifuri, utasubiri dakika kadhaa dunia ikiwa imejaa ukungu bila sababu. Kisha piga makofi nyuma ya mgeni, au mwombe ile pumzi kubwa, rekodi kilele cha "tofauti", na gawanya "tofauti" kwa kilele hicho ili upate namba iliyo takribani kati ya 0 na 1. Usilinganishe namba ghafi za mtu na mtu. Mmoja anaishi kwenye 2, mwingine kwenye 15, na wote wametulia.

Mapigo ni rahisi zaidi. Kihisi cha mwanga wa kijani hukaa kwenye ncha ya kidole, upande wa kiganja. Melanini hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kwenye ngozi nyeusi upande wa juu wa kidole au kifundo cha mkono hutoa ishara dhaifu, lakini upande wa kiganja una melanini kidogo kwa watu wote. Velkro isikaze: ukibana sana, damu haipiti na mawimbi yanapotea. Soma kila milisekunde 2, na ukishaona pigo, puuza chochote kinachofuata ndani ya milisekunde 300, la sivyo utahesabu wimbi moja mara mbili. Gawanya 60000 kwa muda kati ya mapigo: milisekunde 800 ni mapigo 75 kwa dakika.

Pumzi ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambayo mtu anaitawala kwa hiari, kwa hiyo mpe mgeni iwe usukani. Msanii Char Davies wa Kanada alifanya hivyo mwaka 1995 katika Osmose, kazi yake ya ulimwengu pepe: ukivuta pumzi unapaa, ukiitoa unazama. Shonea kipande cha sentimita 10 cha raba inayopitisha umeme kwenye mkanda usiovutika, ukaze chini ya kifua. Raba hii hairudi upesi mahali pake, kwa hiyo fuata mwelekeo wa mstari, kupanda au kushuka, badala ya namba yenyewe. Wengine hutumia thamista, yaani kihisi cha joto, chini ya pua. Pumzi inayotoka ina karibu digrii 34, na chumba kikiwa na digrii 32 mstari unakuwa bapa. Kwa pwani, chagua mkanda.

Kupeleka data kwenye Godot, programu ya kutengenezea michezo inayochora ulimwengu pepe, andika programu fupi ya Python inayosoma Uno kwa kasi ya 115200 na kutuma namba kwa UDP (njia nyepesi ya kutuma data za mtandao) kwenda 127.0.0.1, yaani kompyuta hiyohiyo, mlango 4242. Upande wa Godot tumia PacketPeerUDP, na kwenye kila fremu soma pakiti zote zilizosubiri, utumie ya mwisho. Ukisoma moja kwa fremu ilhali zinaingia nyingi, foleni inakua, na baada ya dakika kumi dunia inajibu mwili wa zamani. Dirisha la kutazamia data la Arduino liwe limefungwa, maana mlango wa USB hauwezi kushikwa na wawili. Na kila Python inapoufungua mlango huo, Uno huanza upya. Ipe sekunde mbili.

Jasho lichelewalo sekunde tatu haliwezi kuwa kitufe. Lifanye hali ya hewa: ukungu, rangi ya anga, sauti ya upepo, likilainishwa kwa sekunde mbili hadi nne. Mapigo yaende kwenye sauti au mwanga wa kitu kimoja kilicho mbali, kamwe yasiende kwenye kamera. Kamera inayotikiswa na moyo huleta kichefuchefu kwa aliyevaa miwani ya ulimwengu pepe. Mwanga usimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa. Na kama hofu inaongeza giza, kumbuka giza nalo linaongeza hofu: weka kikomo ambacho giza halivuki hata namba ikifika 1.

Data za mwili ni za mwenye mwili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022. Mweleze mgeni kwa maneno ya kawaida kinachopimwa, mpe kitufe cha kusitisha mkono wa kulia, na namba zikae kwenye kumbukumbu ya muda tu, bila faili. Kitufe hichohicho kirudishe "kawaida" mwanzo, ili mgeni anayefuata asiingie kwenye dunia iliyopimwa kwa jasho la mwenzake.