Injini Inapozima Angani: Kukabili Dharura Ndani ya Ndege za Kijeshi za Zamani

Injini ya ndege ya abiria ya kisasa ikipata hitilafu, kioo kilicho mbele ya rubani humwandikia tatizo ni lipi na afuate hatua gani. Anayerusha ndege ya kijeshi ya zamani, kama Harvard au Yak-52 za mafunzo, Mustang ya kivita au B-17 ya kudondosha mabomu, hana msaada huo. Alicho nacho ni saa za mishale zilizotawanyika mbele yake, harufu, mtetemo wa usukani, mlio wa injini, na kitabu ambacho jeshi liliwaandikia vijana waliokuwa wakiruka karibu kila siku, tofauti na mmiliki wa leo ambaye huenda hupaa mara mbili tu kwa mwezi. Maelezo haya yanamhusu rubani aliyekwisha kufunzwa aina ya ndege yake na mwalimu anayeijua. Kasi, shinikizo na vipimo vingine avichukue katika kitabu cha ndege hiyo hiyo, wala asivitafute hapa.

Hali moja ya ndege hizi inatawala yote yanayofuata. Zina injini kubwa na propela pana, na pindi injini inapokoma kuvuta, propela ile ile iliyokuwa ikiipeleka ndege mbele huzungushwa na upepo na kugeuka kuwa breki. Ndege hushuka kwa namna inayomshtua mtu aliyezoea ndege ndogo za shule za urubani. Kimo na kasi ndiyo akiba pekee iliyobaki, na karibu kila wenzo unaoushika, uwe wa magurudumu, wa flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) au wa propela, ama unailinda akiba hiyo ama unaila.

Maandalizi ya chini

Kaa ndani ya ndege ikiwa imezimwa, jifunge mikanda kama unavyojifunga ukiruka, kisha fumba macho na umwombe mwenzako akutajie vitu kimoja kimoja: swichi ya kuchagua tangi, pampu ya mkono ya mafuta, kifungio cha kifuniko cha chumba cha rubani, swichi ya magneto, yaani kifaa kinachotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini. Mkono usipokifikia kitu kwa kujiamini, bado hujawa tayari. Zoezi hili ni la lazima zaidi kwa mtu anayehama kutoka ndege moja hadi nyingine, kwa sababu waundaji wa zamani hawakukubaliana juu ya mpangilio wowote. Kwenye Harvard hutaweza kuteremsha magurudumu kwa nguvu ya haidroliki (oili iliyoshinikizwa) mpaka kwanza ubonyeze wenzo unaoamsha shinikizo la mfumo. Kwenye Yak-52 magurudumu, flapu, breki na hata kuwasha injini vyote hutegemea hewa iliyoshindiliwa ndani ya chupa, na kasi husomwa kwa kilomita kwa saa. Rubani aliyezoea maili au noti (maili za baharini kwa saa), akiwa na hofu, anaweza kuusoma mshale ule ule kwa maana nyingine kabisa.

Kabla ya kupaa, jisemee kwa sauti utakachofanya injini ikizima ukiwa bado kwenye njia ya kurukia, ikizima mara tu baada ya kuondoka ardhini, na ikizima ukiwa juu ya kutosha. Taja pia kimo ambacho chini yake hutathubutu kugeuka kurudi, na kile ambacho chini yake hutafikiria tena kuruka kwa parachuti. Uamuzi wa aina hii ukiachwa ufanyike wakati moshi umejaa usoni, haufanyiki.

Nguvu zikipotea baada ya kupaa

Jambo la kwanza ni kuinamisha pua ya ndege, hapo hapo, kabla hata hujajua kilichotokea. Wakati wa kupaa pua imeinuliwa, na nguvu zikiondoka kasi huyeyuka kwa sekunde chache. Ukisubiri, bawa litakosa hewa ya kulibeba, ndege itaanguka kwa bawa moja, na kwa kimo hicho hakuna nafasi ya kuirekebisha. Baada ya hapo chagua pa kutua palipo mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo. Rusha ndege kwanza, tafuta pa kwenda, kisha ndipo uzungumze na mnara.

Kishawishi cha kurudi kiwanjani ni kikubwa, na wakongwe nao huvutwa nacho. Tarehe 5 Machi 2015 mwigizaji Harrison Ford alikuwa akirusha Ryan PT-22, ndege ya mafunzo ya jeshi la Marekani ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, na injini yake ikapoteza nguvu muda mfupi baada ya kupaa kutoka Santa Monica, California. Alianza kugeuka kurudi, akaona hatafika, akaishusha kwenye uwanja wa gofu ulio jirani. Aliumia vibaya lakini aliishi, na kwa maoni yangu kilichomwokoa ni kule kuliacha wazo la kurudi mapema, ndege ikiwa bado inatii. Uchunguzi ulionyesha kwamba jeti kuu ya kabureta, kitundu kinachopima mafuta, ilikuwa imejifungua kutoka mahali pake, mafuta yakazidi kipimo. Ulionyesha pia kuwa mkanda wa bega ulikuwa umefungwa kwenye mgongo wa kiti pasipo kuimarishwa, ukang'oka wakati wa kugonga. Wamiliki wengi hutumia fedha nyingi kupaka ndege rangi sahihi ya kikosi fulani, na mikanda hawaiulizi.

Ukiwa na kimo cha kutosha, tafuta chanzo. Kwa injini za kabureta, sababu za kawaida ni chache: tangi limekauka huku jingine lina mafuta, pampu imeshindwa, barafu imeziba kabureta, au magneto moja imeharibika. Hamisha tangi, sukuma pampu ya mkono, fungua hewa ya moto, rudisha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye wingi wa mafuta, jaribu magneto moja moja. Tangi la kushoto la Harvard lina sehemu ya akiba inayochaguliwa peke yake, na si mara moja rubani ameshuka shambani akiwa bado ana mafuta ambayo hakuyachagua.

Injini inayokohoa lakini bado inavuta usiizime kwa haraka. Injini za silinda zilizopangwa duara, kama Wasp ya silinda tisa iliyomo ndani ya Harvard, zina sifa ya kuendelea kufanya kazi hata silinda moja ikivunjika. Punguza nguvu hadi pale mtetemo unapotulia, kisha usiuguse tena wenzo wa mafuta mpaka uwe na uhakika wa kufika njia ya kurukia, maana kila badiliko la nguvu linaweza kumalizia kile kilichobaki. Shinikizo la oili likishuka, tazama joto la oili kabla ya kuamini. Joto likipanda wakati huo huo, oili inapotea kweli na dakika zako zimehesabiwa. Joto lisipobadilika, huenda ni saa tu iliyokufa, ingawa bado utatua kwenye kiwanja cha karibu. Kumbuka vilevile kwamba kwenye Harvard ni shinikizo la oili linaloyaweka mapanga ya propela kwenye pembe ndogo. Oili ikiisha, vizito vya propela huyapeleka kwenye pembe kubwa, na mizunguko ya injini hushuka hata kama hukugusa chochote.

Mustang na Spitfire, ndege za kivita, ni habari nyingine, kwa kuwa injini zake hupozwa kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli. Mvuke mweupe unaotoka pembeni ni dalili kwamba kipozeo kinavuja, na injini hiyo haitakusubiri ufike mbali. Fungua mlango wa rejeta kwa mkono usipofunguka wenyewe, punguza nguvu, na anza kutafuta uwanja wakati injini bado inazunguka. Kutua majini na Mustang kuna sifa mbaya, kwa sababu mdomo wa rejeta chini ya tumbo hukamata maji na kuipindua pua, ndiyo maana wengi huona parachuti ni afadhali.

Injini moja ikizima kati ya nyingi

Watu hudhani ndege ya injini nne ina usalama mara nne. Tarehe 2 Oktoba 2019, B-17 iliyobeba watu 13 iliondoka kiwanja cha Bradley, Windsor Locks, katika jimbo la Connecticut. Injini namba 4, ile ya nje upande wa kulia, ilipungukiwa nguvu wakati wa kupanda juu na rubani akaizima. Namba 3, ya upande huo huo, nayo haikuwa ikitoa nguvu zake zote. Alipogeuka kurudi, magurudumu yaliteremshwa mapema mno. Ukinzani wa hewa ukaongezeka, kasi na kimo vikaliwa, na ndege ikagonga taa zilizo kabla ya njia ya kurukia. Watu 7 walikufa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilieleza kuwa chanzo kilikuwa rubani kushindwa kusimamia umbo la ndege, yaani magurudumu na flapu kuwa juu au chini, na kasi yake baada ya kuzima injini hiyo, na kwamba matengenezo hafifu yalichangia.

Kwa hiyo magurudumu na flapu zibaki juu mpaka ujue pasipo shaka kwamba njia ya kurukia haiwezi kukukosa. Injini iliyokufa igeuzwe mapanga yake yaelekeane na upepo ili propela isiwe ukuta, lakini kwanza ithibitishe kwa kupunguza wenzo wake: usikiapo ndege haibadiliki, ndiyo yenyewe. Marubani wamewahi kuizima ile nzima. Usishuke chini ya kasi ambayo usukani wa mkia unaweza bado kushinda nguvu za upande mmoja, na ukilazimika kuongeza nguvu, ongeza polepole.

Magurudumu yanapogoma

Hili mara nyingi si jambo la haraka, na kosa kubwa ni kulifanya la haraka. Panda juu, punguza kasi, tazama mafuta yaliyobaki, fungua kitabu. Harvard ina vidirisha juu ya mabawa ambavyo rubani huchungulia kuona kama pini za kufungia zimeingia, na ushahidi huo wa macho unaishinda taa yoyote. Spitfire ina chupa ya gesi ya kaboni dioksaidi inayoyasukuma magurudumu chini, ila ukishaitumia huwezi kuyarudisha juu, kwa hiyo amua kwanza kama unataka yabaki chini. Yak-52 ina chupa ya dharura ya hewa, na magurudumu yake hubaki yamejitokeza kidogo hata yakikunjwa, hivyo kutua kwa tumbo hakuiharibu sana. Mguu mmoja ukitoka na mwingine ukakataa, yakunje yote ikiwezekana.

Hapa ndipo uhaba wa ndege hizi unapomdanganya rubani. Akijua kwamba ndege za aina yake zimebaki chache duniani, hutaka kuiokoa, akavuta mruko hadi barabara nzuri iliyo mbali badala ya shamba lililo chini yake. Mara dharura inapoanza, ndege si mali ya kuhurumiwa tena. Ikunje, ivunje mabawa kwenye vichaka, ilimradi chumba cha rubani kifike kikiwa kizima na kikiwa na mwendo mdogo.

Mahali nako kuna neno lake. Harvard za jeshi la anga la Uingereza zilizotumika katika vita vya Mau Mau kati ya 1953 na 1955 ziliruka kutoka Thika na Mweiga nchini Kenya, nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi. Kasi inayosomwa kwenye saa hubaki ile ile, lakini kasi halisi juu ya ardhi huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 6,000 nyongeza ni kama asilimia 12, na nguvu ya mgongano hupanda kwa karibu robo. Shamba linalotosha pwani huenda lisitoshe huko.

Moto na kutoka

Moto wa injini hauna mjadala: funga mafuta, zima magneto, na telezesha ndege upande ili miale iende mbali na chumba chako. Nyuso za usukani za Harvard zimevikwa kitambaa, na kitambaa hakivumilii moto. Usipozimika, tua mara moja au ruka. Anayeruka afungue kifuniko kwanza, achomoe waya wa vifaa vya masikio ambao unaweza kumnasa njiani, kisha mikanda, na atoke akijitupa mbali na mkia. 

Kabla ya kugusa ardhi kwa dharura yoyote, kifuniko kiwe wazi na kimefungiwa wazi, kwani fremu iliyopinda haifunguki. Ndege ikisimama, mafuta na umeme vifungwe, kila mtu atoke. Na kama ni ndege ya jeti yenye kiti kinachomrusha rubani nje, pini za usalama za kiti zirudishwe mahali pake kabla mzima moto yeyote hajaegemea ukingo wa chumba.