Jinsi ya kupata miadi ya kliniki Tanga bila kupigwa kalenda

Mama yangu anaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwahiyo akiwa na kliniki Tanga mjini safari inaanzia kwenye kivuko, avuke, apande gari, kilomita 50 na kitu mpaka mjini, alafu bajaji. Alikuwa na mtoto wa jicho jicho la kulia na nilimpeleka hospitali moja mara tatu bila kuonwa na daktari wa macho. Mara tatu jamani. Ya kwanza daktari yuko safari, ya pili leo sio siku ya macho, ya tatu faili halionekani, njooni kesho. Na mara zote anayejibu pale mapokezi macho yapo kwenye simu, kioo cha dirisha kina kitundu kidogo kule chini basi mama inabidi ainame ili sauti yake ipite, mtu wa miaka 68 ameinama anaongea na kioo na hata kutazamwa hatazamwi. Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma, ndo maana nimekaa kuandika nini kilitusaidia safari ya nne.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mara zote tatu tulitoka pale na maneno ya mdomo tu. Hamna tarehe, hamna jina la mtu, hamna karatasi. Ukirudi kesho unakuta yuko mwingine zamu, yeye hakujui wala hajui uliambiwa nini, unaanza moja. Kwahiyo shika hili kwanza, mengine yote yanafuata: usitoke dirishani bila kitu kilichoandikwa.

Kabla hujatoka nyumbani ulizia siku. Kliniki za mabingwa haziwi kila siku, macho wana siku zao, mifupa siku zao, sukari na presha siku zao, na ratiba mara nyingi imebandikwa ukutani karibu na mapokezi, yaani hata ukienda kumuona mgonjwa wodini pita pale uipige picha, ipo siku utaihitaji. Kama una namba yao ya simu usipige saa 2 asubuhi, muda huo watu wamejaa hadi mlangoni na hakuna atakayeinua. Piga saa 8 mchana hivi. Alafu usiulize "daktari yupo?" tu, uliza kliniki ni siku gani, bingwa mwenyewe anakuwepo au msaidizi wake, na namba zinaanza kugawiwa saa ngapi. Hilo la mwisho watu wengi hawaulizi, wanafika saa 2 wanakuta namba zimeisha tangu saa 12 na nusu.

Ulizia na maandalizi, maana kuna watu wanarudishwa kwa sababu hawakuambiwa na hawakuuliza. Kipimo cha sukari ya kufunga kinataka mtu akae kama masaa 8 hajala, maji tu, sasa mzee ameshakunywa chai na mihogo asubuhi ndo anafika pale anaambiwa arudi kesho. (Anayechoma insulini asifunge kwa kujiamulia, aulize kwanza.) Dawa za presha ameze kama siku zote isipokuwa kama daktari amesema tofauti, usimwache mzee asubuhi hajameza eti wakampime vizuri. Na kliniki ya macho wanaweza kumwekea matone ya kupanua mboni, baada ya hapo ataona ukungu masaa kadhaa na mwanga utamuumiza, kwahiyo mzee asiende peke yake kabisa, na kama mgonjwa ni wewe usiende unaendesha pikipiki yako ukategemea kurudi nayo. Beba kofia au kanga ya kujikinga jua.

Makaratasi weka mfuko mmoja. Kadi ya kliniki, barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA, majibu ya vipimo vya zamani, na dawa anazotumia pamoja na maboksi yake. Kopi toa stashenari ya mtaani kwako jana yake, ukisubiri ufike pale nje ya hospitali ujue foleni ya kopi nayo ni foleni. Alafu piga picha kila karatasi kwa simu, hasa ile sehemu yenye namba ya faili. Sisi hiyo picha ndo ilituokoa, siku ya nne walipoanza tena habari za faili halionekani nikamwonyesha dada wa masijala namba kwenye simu, akaingia ndani, dakika 10 nyingi akatoka nalo, lilikuwa limechomekwa kwenye mafaili ya kliniki ya meno. Mara ya tatu hakuna aliyeingia kulitafuta.

Ukifika uliza kwa sauti "wa mwisho nani?" umkumbuke sura, hiyo ndo inazuia ugomvi. Kama una mzee wa miaka 60 na kuendelea usikae kwenye benchi ukisubiri mtu aje akuambie kuna dirisha la wazee, uliza mwenyewe, hospitali nyingi za serikali wanalo. Na sera ya afya ya 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa 60 na zaidi wasiojiweza wanasamehewa gharama kwenye vituo vya serikali, kwa wazee wa kumuona ni ofisa ustawi wa jamii, ana chumba chake pale pale hospitalini, na usiende siku ambayo mzee tayari anaumwa hoi, nenda mapema mpate utambulisho.

Sasa dirishani. Salimia, hata kama jana alikujibu vibaya. Alafu sema shida yako kwa sentensi moja, usianze historia ya ugonjwa tangu msiba wa babu, yule hana muda na nyuma yako wapo 40. Sisi ilikuwa hivi:

"Habari za kazi dada, poleni na majukumu. Mama ana rufaa ya macho, namba ya faili hii hapa, tunaomba tarehe ya kumuona daktari."

"Daktari hayupo, njooni kesho."

"Sawa dada. Kesho ni siku ya kliniki ya macho?"

Kimya kidogo. Akaangalia ukutani. "Kesho... hapana, Alhamisi."

"Basi naomba utuandikie Alhamisi kwenye kadi, na nisaidie jina lako ili tukija tuseme nani katupangia."

Akaandika na penseli. Nikamwambia samahani dada, naomba kwa wino, hii kadi inakaa kwenye pochi ya mama itafutika. Akatafuta kalamu, na hapo ndo akainua uso akamtazama mama kwa mara ya kwanza, akamuuliza mama unatokea wapi, mama akamjibu Bweni mwanangu, nimevuka na kivuko alfajiri. Yule dada akaandika tarehe kwa wino, pembeni akaongeza "anatoka Bweni, apewe namba ya mwanzo". Kwahiyo kama mnatoka mbali, Pangani, Lushoto, Handeni, semeni, tena ombeni vipimo na daktari viwe siku moja. Hawawezi kujua kwa kukutazama.

Ile "mtandao upo chini" nayo ina dawa yake. Usiondoke. Uliza ulikata saa ngapi, na kama wana daftari la pembeni la kuandika wagonjwa wakati mtandao haupo uandikwe humo. Wakikwambia ulipe taslimu kwa sababu bima haisomi, ulizia kwanza utarudishiwaje, na malipo ya serikali yanaenda kwa kontro namba alafu unapewa risiti. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie hela ili "akusogeze", hapo hamna huduma tena, hiyo ni rushwa, TAKUKURU namba yao ni 113 na kupiga ni bure.

Ukiona umezungushwa mara mbili, panda ngazi, ila panda kwa mpangilio. Anza na muuguzi kiongozi wa kliniki ile ile, mara nyingi mambo yanaishia hapo sababu yeye ndo anajua daktari anaingia lini kweli. Ikishindikana nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo, na vituo vingi namba yake imeandikwa kwenye bango pale mlangoni, tunaipita kila siku hatuisomi. Juu yake kwa vituo vya wilaya kuna mganga mkuu wa wilaya, alafu wa mkoa. Kuna pia e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa malalamiko na maoni, unaingia kwa simu ya kawaida kabisa *152*00# na unafuata maelekezo. Na taasisi za serikali zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umeandikwa huduma gani itolewe ndani ya muda gani, ulizia ulipo uusome, maana ukisema "mkataba wenu unasema hivi" unasikilizwa tofauti na ukisema "mnatunyanyasa".

Meseji ya malalamiko usiitume ukiwa na hasira za foleni. Ile niliyotuma kwa mganga mfawidhi ilikuwa hivi karibia: "Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 68, ana rufaa ya macho. Tumefika mara 3 kutoka Bweni, Pangani, tarehe hizi na hizi. Sababu tulizopewa: daktari safari, sio siku ya kliniki, faili halionekani. Naomba tarehe moja ya uhakika na faili litafutwe. Namba ya faili ni hii." Hamna tusi, hamna "nyie watu", tarehe zipo, na ombi ni moja tu linalotimizika. Alinijibu jioni ile ile, ndo tukaenda hiyo safari ya nne. Unaona hata hivyo dirishani tulianza tena na njooni kesho, kwahiyo usidhani ukishajibiwa na mkubwa basi huku chini yameisha, bado unahitaji wino kwenye kadi.

Kwa maji, umeme na simu njia ni ile ile. Ukipiga kutoa taarifa omba namba ya taarifa uiandike na saa uliyopiga. Wasipokusikiliza wenyewe, maji na umeme unapeleka EWURA, mitandao ya simu unapeleka TCRA, lakini huko kote watakuuliza kwanza ulilalamika lini kwa mtoa huduma na alikujibu nini, ndo hiyo namba itakusaidia.

Kitu kimoja nakataa kabisa, kumrekodi nesi video na kuirusha. Nyuma yake wapo wagonjwa, yupo mtu amekuja na siri yake na sasa mtaa mzima wa Ngamiani unaiona. Na yule nesi unakuta yuko peke yake na benchi nne zimejaa. Andika jina, andika saa, peleka panapohusika.

Ukipewa tarehe ya operesheni ya jicho jua kwamba mara nyingi mgonjwa halazwi wodini, anatoka siku hiyo hiyo amefungwa bandeji, ila kesho yake lazima arudi wafungue na kuliangalia. Kwa mtu wa ng'ambo ya mto hiyo maana yake upange pa kulala mjini kabla, usije ukahangaika jioni na mzee ana jicho moja. Mama alilala kwa shangazi Makorora siku mbili, na ile kadi alilala nayo chini ya mto.