Kupepesa macho, na maneno yanayochanganywa nalo

Kupepesa ni kufunga na kufungua macho upesi upesi, aghalabu bila mtu kukusudia. Mtu mzima hupepesa kiasi cha mara 15 kwa dakika, na kila mara kope hutandaza machozi juu ya jicho lisikauke. Katika kamusi litafute kwenye P, penye pepesa. Usishike pepesuka, ambalo ni kuyumba, wala pepeta, ambayo ni kazi ya ungo.

Andika "macho", kwa wingi, maana yote mawili hufanya kwa pamoja. "Alipepesa jicho" humwacha msomaji njia panda. Jicho moja, kwa makusudi, la kumpa mtu ishara, ni kukonyeza: muuza samaki wa Darajani kamkonyeza mwenziwe asipunguze bei. Kukonyeza kuna mwenye kukonyezwa, kupepesa hakuna. Ndiyo maana "alinipepesa" haisimami. Na kope likirukaruka lenyewe, sema "jicho linanicheza" kama wasemavyo watu wote.

Panapoharibika zaidi ni baina ya kupepesa na kufumba, na hapa kosa linaweza kumfika mgonjwa. Kufumba ni kufunga macho yakabaki yamefungwa. Ukiandika maelekezo ya dawa ya matone, yaandike hivi:

"Bibi, tazama juu. Vuta kope la chini, tia tone 1. Fumba macho taratibu kwa dakika 1 hadi 2, na ubonyeze kwa kidole pembe ya jicho iliyo upande wa pua. Usipepese. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika 5."

Mtu akipepesa hapo, kope huisukuma dawa kwenye kijia cha machozi, ikateremkia puani na kooni, naye akasikia uchungu wake mdomoni. Mwandishi akiweka "pepesa" mahali pa "fumba" amempotezea bibi dawa yake. Vumbi la karafuu likiingia jichoni mambo ni kinyume: hapo mwambie asifikiche, apepese mara nyingi, machozi yalitoe.

Unapokataza, a ya mwisho hugeuka e: usipepese, msipepese. Kwa wingi wa kuamuru, pepeseni. Ukilifanya jina, upatanisho ni wa ku-: "kupepesa kwake kumezidi".

Kwa mafumbo, "bila kupepesa macho" ni kusema au kutenda waziwazi, pasi na woga: alimjibu sheha bila kupepesa macho. Lakini muda mfupi kabisa hausemwi kwa neno hili. "Katika kupepesa kwa jicho" ni tafsiri ya lugha nyingine. Sisi tuna letu tangu zamani: kufumba na kufumbua, mashua imeshaizunguka rasi ya Nungwi.