Namna ya Kujifunza Historia ya Kisiwa cha Man

Kisiwa cha Man kiko katikati ya Bahari ya Ireland, kina eneo la kilomita za mraba 572, na sensa ya 2021 ilihesabu wakazi wapatao 84,000. Kisiwa hiki si sehemu ya Uingereza, ingawa mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wake kwa cheo cha Bwana wa Mann, na ulinzi pamoja na mambo ya nje hushughulikiwa na serikali ya London. Sheria zake, kodi zake na mahakama zake ni vyake chenyewe. Anayeanza kukisoma kabla ya kulishika jambo hili hujikuta akiisoma historia yake kama kiambatisho cha historia ya England, na matukio mengi humpita bila kueleweka. Ili kuepuka hilo, katika kila zama uliza maswali mawili: nani alikimiliki kisiwa, na nani alikuwa na haki ya kukitungia sheria? Majibu yake hayafanani mara zote, na pale yanapotofautiana ndipo penye kiini cha habari.

Usianze na wafalme. Anza na mawe, kwa sababu mawe ndiyo ushahidi wa zamani zaidi ulioachwa na wenyeji wenyewe. Kisiwa kina misalaba ya mawe ya kuchonga ipatayo 200, mingi ikiwa imehifadhiwa katika makanisa ya parokia ilikopatikana, kama vile Maughold, Andreas na Kirk Michael. Ile ya kale ni ya Wakelti Wakristo waliozungumza Kigaeli, lugha ya jamaa zao wa Ireland. Ya baadaye ilichongwa baada ya Waviking kutoka Skandinavia kuvamia katika karne ya 9, kulowea na hatimaye kubatizwa. Chukua jiwe moja la Kirk Michael ulisome kwa utulivu. Maandishi yake ni ya herufi za runi na lugha yake ni ya Waskandinavia, nayo yanasema kwamba Mal Lumkun alisimamisha msalaba huo kwa kumkumbuka Mal Mury, mama yake mlezi, binti wa Dufgal, mke wa Athisl. Kisha yanaongeza kwamba ni afadhali kuacha mtoto wa kulea aliye mwema kuliko mtoto wa kuzaa aliye mbaya. Sasa tazama majina. Mlezi, aliyelelewa na baba wa mlezi wana majina ya Kigaeli, na mume ana jina la Kiskandinavia. Katika jiwe hilo moja unaona watu wa lugha mbili wakioana, wakileleana watoto na wakizikana, jambo ambalo masimulizi ya vita hayawezi kukuonyesha.

Ukitoka kwenye mawe, nenda kwenye Kumbukumbu za Wafalme wa Man na Visiwa, zilizoandikwa kwa Kilatini na watawa wa abasia ya Rushen katika karne ya 13. Hapo utakutana na Godred Crovan, aliyekiteka kisiwa mwaka 1079 kwenye mapigano ya Skyhill karibu na Ramsey, na kuanzisha ukoo wa kifalme uliotawala Man pamoja na visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Soma habari hizo kwa tahadhari. Abasia ilianzishwa mwaka 1134 kwa ardhi iliyotolewa na Olaf, mwana wa Godred, kwa hiyo watawa walikuwa wakiwaandika wafadhili wao. Mfalme wa mwisho wa ukoo huo, Magnus, alifariki mwaka 1265, na mwaka uliofuata, kwa Mkataba wa Perth, Norwei, ambayo wafalme wa Man walikuwa chini yake, ilikikabidhi kisiwa kwa Uskoti kwa malipo ya marki 4,000 na marki 100 za kila mwaka.

Kuanzia hapo swali la umiliki linazidi kuwa gumu, na ningekushauri uchore mstari wa wakati kwenye karatasi, kwa maana kisiwa kilipita mikononi mwa Waskoti na Waingereza mara kadhaa kabla ya mfalme Henry IV kumpa Sir John Stanley mwaka 1405. Sharti la zawadi hiyo lilikuwa kumpa mfalme kozi wawili, yaani ndege wa kuwindia, na wengine wawili kwa kila mfalme wa England atakayetawazwa. Ukoo wa Stanley ulikishikilia hadi 1736, kisha kikawaendea madyuki wa Atholl. Unaweza kuwapitia wengi wa mabwana hao kwa haraka, maana wachache tu waliishi kisiwani. Kipindi kisichostahili kupitiwa haraka ni cha James Stanley, Erli wa saba wa Derby, aliyetaka wakulima waache haki yao ya kurithishana mashamba kwa desturi na badala yake wapangishwe ardhi kwa mikataba yenye kikomo. Bila kulijua hilo huwezi kumwelewa Illiam Dhone, kiongozi wa wanamgambo ambaye mwaka 1651, baada ya erli kutekwa huko England, aliongoza uasi na kukubaliana na majeshi ya Bunge la England kukikabidhi kisiwa. Ufalme, uliokuwa umeondolewa na Bunge hilo, uliporudi alishtakiwa kwa uhaini, akapigwa risasi Hango Hill tarehe 2 Januari 1663. Wapo wanaomhesabu msaliti, na wapo wanaokusanyika mahali hapo kila mwaka kumkumbuka kama shujaa. Mimi naona suala la ardhi ndilo linaloamua uzito wa kesi yake, na si jambo dogo kwamba haki ya wakulima ilithibitishwa hatimaye kwa sheria ya mwaka 1704.

Wakati wote huo Tynwald, bunge la kisiwa, lilikuwa likikutana. Lisome kwa kutazama mkutano wake wa tarehe 5 Julai katika kijiji cha St John's, ambao picha zake za video hupatikana kwa urahisi mtandaoni. Wajumbe hutembea kutoka kanisani juu ya njia iliyotandikwa matete hadi kwenye kilima cha ngazi nne, na majaji waitwao deemster husoma muhtasari wa sheria za mwaka kwa Kiingereza na kwa Kimanx, lugha ya Kigaeli ya kisiwa. Sheria isiyotangazwa hapo ndani ya miezi 18 baada ya kuidhinishwa hupoteza nguvu. Raia mwenye dukuduku anaweza kulileta kwa maandishi chini ya kilima, na malalamiko ya namna hiyo yamewahi kuzaa sheria. Kisiwa kiliadhimisha miaka 1,000 ya Tynwald mwaka 1979, lakini usichukue mwaka 979 kuwa tarehe iliyoandikwa mahali fulani. Asili ya mkutano ni ya Waskandinavia bila shaka, ila siku ya kwanza haijulikani.

Mwaka 1765 na mwaka 1866 isome pamoja. Ushuru mdogo wa kisiwa uliwawezesha wafanyabiashara kuingiza chai, pombe kali na tumbaku, kisha kuzivusha kwa magendo hadi pwani za Uingereza na Ireland. London ilijibu kwa kuzinunua haki za utawala za dyuki wa Atholl kwa pauni 70,000, na kwa miaka mia moja mapato ya ushuru yakasimamiwa na London. Mwaka 1866 Gavana Henry Loch alifanikisha mapatano: kisiwa kirudishiwe usimamizi wa sehemu ya mapato yake, na Baraza la Keys, sehemu ya Tynwald ambayo wajumbe wake 24 walikuwa wakichaguana wenyewe kwa kumpendekezea gavana majina, lichaguliwe na wananchi. Kabla ya mapatano hayo ipo habari ya James Brown, mhariri wa gazeti la Isle of Man Times, mtu mwenye asili ya Kiafrika, ambaye mwaka 1864 Baraza la Keys lilimfunga katika ngome ya Rushen kwa kulikosoa. Mahakama ya London iliamuru aachiliwe, naye akalishtaki baraza na kulipwa fidia. Baraza lisilochaguliwa na mtu halikuweza tena kujitetea baada ya aibu hiyo. Magazeti ya kisiwa tangu 1792 yamewekwa mtandaoni na Manx National Heritage, shirika la urithi wa kisiwa. Yatafute ya miaka hiyo uyasome mwenyewe.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1867, na mwaka 1881 wajane na wanawake wasioolewa waliomiliki mali walipata kura, miaka 12 kabla ya New Zealand, inayotajwa mara nyingi kuwa nchi ya kwanza kuwapa wanawake kura. Taja masharti hayo kila unapoitaja sifa hii, kwa maana kura ya watu wazima wote ilikuja 1919.

Karne ya 20 inahitaji angalau usomaji wa kambi ya Knockaloe, ambako katika Vita vya Kwanza vya Dunia zaidi ya raia 20,000 wa nchi adui walizuiliwa karibu na mji wa Peel. Baada ya hapo ishughulikie lugha. Kimanx kilipitia utawala wa Waskandinavia, wa Waskoti na wa akina Stanley kikiwa hai, kikadhoofika katika karne ya 19, na Ned Maddrell, mzungumzaji wa mwisho aliyekua nacho tangu utotoni, alifariki Desemba 1974. Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha lugha hiyo kuwa imekufa, na wanafunzi wa Bunscoill Ghaelgagh, shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanx tangu 2001, wakaandika barua wakiuliza barua zao zimeandikwa kwa lugha gani. UNESCO ilibadilisha maelezo yake. Tume ya Ireland ya kukusanya ngano, yaani hadithi za mapokeo, ilikuwa imewarekodi wazee waliozungumza Kimanx mwaka 1948. Sikiliza rekodi hizo kwanza, halafu sikiliza watoto wa shule hiyo, na uandike ni maneno na matamshi gani yamebaki na yapi yamebadilika.