Kiungulia cha alfajiri kimepikwa jana usiku: namna ya kukizuia hatua kwa hatua

Assalamu alaykum jamani. Mie nesi, nipo kituo cha afya huku Pemba, na kama kuna lalamiko nnalolisikia kabla hata sijaweka mkoba chini asubuhi basi ni hili: "nesi nimeamka kifua kinawaka moto, mdomo mchachu kama nimekunywa siki, nipe dawa ya alsa." Na mie kabla ya dawa huuliza suali moja tu, jana umekula saa ngapi na umelala saa ngapi? Hapo watu huanza kucheka. Kiungulia cha asubuhi hakianzi asubuhi, kimeshapikwa usiku, we unaamka kukipakua tu. Kwa hiyo mwongozo huu karibu wote ni wa mambo ya usiku, na dawa nimeziweka mwisho makusudi.

Kwanza elewa kinachotokea. Chukua dumu la maji ambalo kifuniko chake kimelegea. Ukilisimamisha halivuji, ukililaza linavuja, na likiwa fulu linavuja zaidi. Ndo tumbo lako hilo. Pale umio (ile njia ya chakula kutoka kooni) unapoungana na tumbo pana msuli wa duara, unafunguka chakula kishuke halafu unajifunga kisirudi. Ukilegea, tindikali ya tumbo inapanda, na umio haukuumbwa kuihimili kama tumbo lenyewe linavyoihimili, ndo maana unaungua. Mchana ikipanda kidogo unameza mate, mate yanaiosha, na vile umesimama inashuka yenyewe. Usiku ukishashikwa na usingizi humezi, mate nayo yanapungua sana, umelala bapa, basi kilichopanda kinakaa hapohapo kinachoma mpaka adhana. Na ubaya zaidi tumbo hutoa tindikali nyingi kuanzia kama saa 4 usiku hadi saa 8 za usiku, yaani wakati khasa ambao we umeshajilaza.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kiungulia kweli

Kiungulia huanzia kwenye chembe cha moyo, kikapanda nyuma ya mfupa wa kifua kuelekea kooni, kinazidi ukiinama au ukilala, na mara nyengine kinaleta maji machachu mdomoni. Mzee mmoja alikuja kwangu akawa anaona haya kusema, kumbe kinachomtesa ni sijda ya alfajiri, akiinamisha kichwa tu maji machachu hayo yamefika kooni, mwenyewe akawa anadhani ni mambo mengine kabisa na ameshaanza kutafuta wa kumsomea. Ni dumu tu lile, umeliinamisha mdomo chini.

Wengine hawaungui kifua hata kidogo, wao huamka sauti imekauka, au wana kikohozi kikavu cha usiku, au koo kama limekwama kitu. Hiyo nayo inaweza kuwa ni tindikali.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kifua kikikubana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho linakutoka na pumzi inakuwa nzito, usimalize hata kusoma, kimbilia spitali sasa hivi, hiyo inaweza kuwa moyo. Vilevile ukiona chakula kinakwama ukimeza, unatapika damu, choo cheusi kama lami (na humezi vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hufanya choo cheusi), au unakonda bila ya sababu, huo si wakati wa kujitibu nyumbani.

Hatua ya 2: Daftari, siku 7

Daftari la skuli linatosha, au kwenye simu. Kila siku andika vitu vitatu: saa uliyomaliza kula, ulichokula, saa uliyolala. Asubuhi tia alama kama umeamka na moto au la. Usibadilishe kitu wiki hiyo, andika tu. Utashangaa.

Hatua ya 3: Sogeza chakula cha usiku

Hapa ndo penye kazi, maana huku kwetu usiku mtu anatoka kusali isha, anapita barazani, kahawa kikombe cha kwanza, cha pili, kipande cha halua, mazungumzo ya mpira, anarudi nyumbani saa 4 anamkuta bi mkubwa kamuwekea kawa, ndani mna wali wa nazi na mchuzi, anakula mpaka anashiba kwelikweli, saa 4 na nusu yuko kitandani anakoroma. Dumu fulu, limelazwa, kifuniko kimelegea.

Kinachotakiwa ni masaa 3 baina ya tonge la mwisho na mto. Kama unalala saa 5, basi mwisho wa kula ni saa 2. Mnaweza kula baada ya maghribi au mara tu baada ya isha, halafu ndo baraza. Najua kuna nyumba hazibadiliki kirahisi, baba anasubiriwa ale na watoto, zungumzeni.

Ukirudi umechelewa na njaa inakuuma (wavuvi, madereva, na sie tunaofanya zamu) usilale na njaa, kula kidogo, ndizi mbivu, kipande cha mkate, bakuli la uji, halafu kaa kitako, usijilaze. Chakula kizito kiwe cha mchana.

Kuhusu aina ya chakula, sitaki kukupa orodha ya haramu ndefu kwa sababu tumbo la mtu na mtu, na mie nshaona watu wanaacha kila kitu wanabaki wanakula mbatata za kuchemsha na bado wanaungua kwa sababu wanazila saa 5 za usiku. Lakini mafuta mengi, tui zito na vya kukaanga hukaa tumboni muda mrefu, hilo halina ubishi. Vitu vikali na vichachu, pilipili, ndimu, ukwaju, tungule (nyanya), hivyo huchoma umio ambao tayari umeshaungua. Kahawa, chokoleti, mnanaa na sigara hulegeza ule msuli kwa baadhi ya watu. Sasa urojo, mwenzangu, urojo una kila kitu humo, uchachu, pilipili, bajia, kachori. Siwezi kukwambia uache, mie mwenyewe siachi, ila kula alasiri, usile saa 3 za usiku. Na kahawa ya mwisho iwe ya jioni, barazani hawatakufukuza ukikaa bila ya kikombe.

Jambo dogo ambalo watu hulidharau: nguo. Msuli wa kuvaa umekazwa kiunoni, au kanga imefungwa kibwebwe mpaka tumbo limegawika mara mbili, unakamua dumu kwa mikono. Ukishamaliza kula legeza. Kitambi nacho kinakamua vilevile mchana na usiku, na kilo chache tu zikipungua watu wengi hupata nafuu.

Hatua ya 4: Inua mchago wa kitanda (upande wa kichwa)

Hii ndo hatua watu wanayoikataa zaidi na ni katika zinazosaidia sana, basi nakaa nayo.

Mie nilipokuwa na mimba ya pili niliungua kila alfajiri, na nikafanya kile kila mtu anachofanya, nikapandanisha mito, mitatu. Matokeo yake shingo ikauma na kiungulia kikazidi, kwa sababu mito inainua kichwa tu, kiwiliwili kinabaki chini na tumbo linakunjika katikati. Kinachotakiwa ni mwili wote kuanzia kiunoni uwe mteremko, na hiyo unaipata kwa kuinua miguu miwili ya kitanda ya upande wa mchago, sentimita 15 hadi 20. Kama huna rula ni pungufu kidogo ya shubiri.

Basi mume wangu akaleta matofali mawili, kayapima kwa jicho, tukainua samadari, tukajisifu. Usiku wa pili najigeuza tu, mguu mmoja ukateleza, kishindo hicho, mtoto kaamka analia, jirani anagonga ukuta anauliza kuna nini, na mie nimebakia kitandani upande upande kama jahazi lililopwelewa. Kwa hiyo fanya hivi:

Enda kwa seremala, mwambie akukatie vipande viwili vya gogo la mwembe au mbao yoyote ngumu, urefu wa kwenda juu sentimita 17, na juu yake achimbe kijishimo cha sentimita 2 ambacho mguu wa kitanda utaingia ukae. Unabaki na 15. Viwe vipana chini, na vilingane sawasawa vyote viwili. Muwe watu wawili au watatu kunyanyua, samadari si kitu cha mtu mmoja. Ukishaweka tikisa kitanda kwa nguvu kabla hujalala juu yake. Halafu tazama chandarua, kitakuwa kimekuwa kifupi upande wa miguuni na mbu hawana huruma, kishushe.

Siku mbili tatu za mwanzo utajihisi unateleza kwenda chini. Unazoea.

Anayelala chini juu ya godoro asione hili halimhusu. Tafuta godoro kuukuu au mablangeti, yakunje, yatie chini ya godoro kuanzia kiunoni mpaka kichwani, juu yawe mengi na kiunoni yawe machache, upatikane mteremko na si ngazi.

Hatua ya 5: Lalia ubavu wa kushoto

Ukilala kushoto tumbo linakaa chini ya mdomo wa umio, ukilala kulia linakaa juu yake, tindikali inamwagikia huko. Najua wengi wetu tumefunzwa tangu chuo cha Kurani kulalia kulia. Mie nesi, sina fatwa, ila wagonjwa wangu wengi huanza kulia na dua zao kisha wanageuka kushoto, na aliye na wasiwasi amuulize sheikh wake kuhusu mgonjwa.

Hatua ya 6: Toa dawa zako zote uzitazame

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asprini huchokoza tumbo, na watu wanazila kama njugu, usiku, bila ya chakula. Doksisaiklini ukiimeza kwa funda moja la maji na ukajilaza, kidonge kinaweza kuganda kwenye umio na kuuchoma kidonda kabisa, imeze kwa gilasi nzima na ukae wima angalau nusu saa. Baadhi ya dawa za presha, amlodipini na nifedipini, hulegeza ule msuli niliousema. Usiziache! Presha si ya kufanyia mchezo, mwambie tu daktari wako unaungua, yeye ataamua.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Ukiamka na moto kaa kitako, kunywa maji kidogo kidogo. Sukutua kwanza kwa maji, mswaki wa dawa subiri kama nusu saa, kwa sababu tindikali inalainisha meno na ukisugua papo hapo unayakwangua. Chai ya rangi yenye ndimu juu ya tumbo tupu iwache siku hiyo. Maziwa yanatuliza dakika chache halafu moto unarudi, usiyategemee. Na ile soda ya kupikia kijiko kwenye maji, inazima kweli, lakini imejaa sodiamu, mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo au figo na mja mzito wasiiguse.

Hatua ya 8: Dawa

Vidonge vya kutafuna vya kupoza tindikali vinafanya kazi haraka na vinaisha haraka, sawa kwa siku moja moja. Omeprazoli ni kitu chengine, haizimi moto uliokwishawaka, inapunguza tindikali inayotengenezwa, kwa hiyo inamezwa kama nusu saa kabla ya kula, na inataka siku kadhaa kukaa sawa. Mtu anakuja ananiambia "haifanyi kazi", nikiuliza anaimeza lini, ananambia baada ya kula, kikinichoma. Usijinunulie famasi miezi na miezi. Na si kila anayeungua ana alsa, alsa mara nyingi inatokana na bakteria au na zile dawa za maumivu, ina vipimo vyake, tena ukiwa umeshameza omeprazoli baadhi ya vipimo vinaweza kukudanganya, basi mwambie daktari kabla ya kupimwa. Wajawazito, homoni za mimba ndo zinazolegeza msuli na mtoto anakamua kwa chini, anzeni na kitanda na chakula, dawa muulizeni kliniki.

Nyongeza ya Ramadhani

Mwezi huo kituo kinajaa. Futari, futari, halafu tarawehe na kifua kinapanda kila rukuu, daku saa 8 za usiku na kurudi kulala palepale. Gawa futari mara mbili, tende, maji na uji kwanza, kitu kizito kidogo baada ya sala ya maghribi, bajia chache. Daku ichelewesheni mpaka karibu na alfajiri, mle wastani, msali, halafu anayetaka kulala asubiri au angalau aegemee takia, asijilaze bapa.

Yafanye haya wiki 2 mpaka 4 kwa pamoja, usichague moja. Ukiwa bado unaungua zaidi ya mara 2 kwa wiki, nenda kituo kilicho karibu nawe, na lile daftari usilisahau nyumbani, maana suali la kwanza utakaloulizwa ndo lilelile.