SOMO: Kununua nyumba ya likizo Italia kwa bei ya kawaida ukiwa mgeni (na maswali ya wadau)

Wakuu habari zenu. Naona zile video za nyumba za bei chee Italia zinazunguka sana, watu wanatag wenzao "twende tukanunue", sasa mi naishi huku na nimeshasindikiza Wabongo na Wakenya kadhaa kwa notaio (mwanasheria wa serikali anayethibitisha mauzo ya nyumba) nikiwatafsiria, so ngoja niwape mtiririko wenyewe ulivyo. Kuipata nyumba ya euro elfu ishirini au thelathini si kazi, zipo kibao, kazi iko kwenye makaratasi, na makaratasi yachekiwe KABLA hujatoa hata senti.

HATUA YA 1: Jua kama unaruhusiwa

Hapa ndo wengi wanaparuka. Italia ina sheria ya tangu 1942 kwamba mgeni anapata haki huku kadri Mwitaliano anavyozipata kwenye nchi ya huyo mgeni, wanaiita condizione di reciprocità, yani nipe nikupe. Raia wa Umoja wa Ulaya haimhusu. Mwenye permesso di soggiorno (kibali cha kuishi) halali ya kazi, familia au masomo haimhusu pia, ananunua kama mwenyeji. Pasi ya Marekani au Uingereza haina tatizo. Ila kama una pasi ya Tanzania au Kenya na huishi huku, hapo pagumu: Tanzania mgeni hapewi ardhi labda awe anawekeza, Kenya katiba ya 2010 inampa lease isiyozidi miaka 99. Najua mtasema mbona Malindi na Watamu wamejaa Waitaliano wenye majumba, sawa, lakini kisheria hao asiye raia ana lease tu, na notaio haangalii Malindi, anafungua ukurasa wa wizara yao ya mambo ya nje anasoma nchi yako imeandikwaje. Kwahiyo mtumie notaio email na kopi ya pasi kabla hujakata tiketi.

HATUA YA 2: Codice fiscale

Namba ya kodi, herufi na tarakimu 16, bure, unaipata Agenzia delle Entrate (mamlaka yao ya kodi) au ubalozi wa Italia ulipo. Bila hii hufanyi chochote, hata umeme huwekewi.

HATUA YA 3: Eneo

Sahau Toscana na ziwa Como. Bei za kibinadamu ziko Molise, Abruzzo ya milimani, Basilicata, Calabria na Sicilia ya ndani huko mbali na bahari. Ukitaka bahari kwa bei ndogo angalia Scalea kule Calabria, maghorofa ya zamani mengi, vyumba vidogo, Agosti kumejaa hadi pa kukanyaga hakuna na Januari hukuti mtu. Tafuta kwenye tovuti za Immobiliare.it na Idealista. Alafu usiende kuangalia nyumba Julai tu, nenda Februari uone hiyo barabara, uone basi linapita mara ngapi na famasi iko wapi. Milimani kunapiga theluji na gesi ya kupasha nyumba ni hela ndefu, na kumbuka Abruzzo ndo kulikotokea lile tetemeko la L'Aquila 2009, so nyumba ya mawe ya miaka mia mbili mwite fundi wa majengo aiangalie.

HATUA YA 4: Makaratasi (hapa tulia)

Omba visura catastale, yani taarifa ya nyumba kutoka katasto, daftari la serikali la majengo na ardhi. Ni karatasi moja au mbili, ina foglio, particella, subalterno, hizo ni namba za kuitambua nyumba, alafu kuna kategoria (aina ya jengo) na rendita (kipato cha makadirio cha nyumba kinachotumika kupiga kodi). Kategoria A/2, A/3, A/4 ni makazi. Ukiona C/2 hiyo ni stoo, hata kama wameweka kitanda na shuka nyeupe kwenye picha. F/2 ni gofu.

Shuka chini kwenye majina ya wamiliki, ndo penyewe. Vijijini bibi akifa watu hawagawani, wanaacha tu, so unakuta mmoja ana 1/3, mwingine 2/18, mwingine kazaliwa 1929 na hajulikani kama yupo hai, na wawili walishahamia Argentina. WOTE lazima wasaini. Dalali atakwambia "wamekubaliana hao ni familia moja", mwambie sawa, niletee saini.

Baada ya hapo chukua planimetria, ramani iliyosajiliwa, ingia nayo ndani tembea chumba kwa chumba. Choo kimejengwa kwenye varanda na kwenye ramani hakipo? Ukuta umehamishwa? Tangu 2010 muuzaji lazima athibitishe kwenye hati kwamba ramani na nyumba vinafanana. Na ramani ya kodi sio kibali cha ujenzi, hivyo ni vitu viwili, kibali kiko kwa comune (halmashauri ya mji). Mlipe geometra (mtaalamu wa vipimo na makaratasi ya majengo) wako mwenyewe, sio wa dalali, akachimbe faili huko. Hela unayompa geometra ndo hela ya maana kuliko zote kwenye safari hii mimi naona.

HATUA YA 5: Proposta na compromesso

Ukisaini proposta (ofa ya maandishi) na muuzaji akakubali umeshafungwa, msidhani ni karatasi ya kuonyesha nia tu. Inafuata compromesso (mkataba wa awali), unatoa caparra (arbuni), mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Ukijitoa wewe imekwenda, akijitoa muuzaji anakurudishia mara mbili. Mwambie dalali aandike sharti kwamba kama ripoti ya geometra ina kasoro au reciprocità ikigoma unarudishiwa hela yako yote, akikataa sharti hilo ondoka.

HATUA YA 6: Rogito na hesabu

Rogito ndo hati ya mwisho mbele ya notaio. Notaio unamchagua wewe maana unamlipa wewe, na kama hujui Kiitaliano lazima kuwe na mkalimani. Hela ni benki kwa benki au cheki ya benki, na atakuuliza imetoka wapi.

Kodi: ukinunua kwa mtu binafsi na sio makazi yako makuu ni asilimia 9, lakini sio ya bei, ni ya thamani ya katasto, rendita mara 126. Tuseme bei 30,000 na rendita 150: 150 x 126 = 18,900, asilimia 9 yake ni 1,701, jumlisha 100 ya usajili. Kiwango cha chini ni 1,000. Weka notaio kama 2,000, dalali kama 2,000 na VAT 22% juu yake. Kabla ya geometra na mkalimani uko kwenye elfu 36 na ushee.

Kila mwaka kuna IMU (kodi ya jengo), hiyo hiyo rendita 150 inakupa kama euro 217 kwa kiwango cha kawaida, inalipwa 16 Juni na 16 Desemba, alafu TARI ya takataka na michango ya jengo kama ni ghorofa. Uliza deni la jengo, maana la mwaka huu na mwaka jana mnunuzi anaweza kudaiwa pia.

MASWALI

Niko Doha, pasi ya Tanzania, kaka yangu ana permesso ya kazi Bergamo. Anaweza kuninunulia?
Anaweza kununua, ila nyumba ni YAKE mkuu, jina lake, na akifa ni ya warithi wake. Yeye akilipa 2% ya makazi makuu badala ya 9% lazima ahamishie makazi kwenye comune hiyo ndani ya miezi 18, so kwa nyumba ya likizo msidanganye.

Zile za euro 1 ni kweli?
Ni kweli. Wazo lilianzia Salemi, Sicilia, mwaka 2008. Sambuca, hiyo nayo ya Sicilia, 2019 walianzisha mnada kwa euro 1, dhamana 5,000, ukarabati ndani ya miaka mitatu, na nyingine zilipanda hadi maelfu. Paa likiwa limeanguka utamwaga makumi ya elfu. Mi ningechukua ya 25,000 inayolalika leo.

Nikinunua napata makaratasi ya kuishi?
Hapana. Viza unaomba kama kawaida, siku 90 ndani ya 180.

Shem, mkopo benki vipi?
Kwa asiyeishi huku benki nyingi zinaishia nusu ya bei au zaidi kidogo, na mikopo midogo ya chini ya 50,000 hawaipendi. Hizi nyumba watu wananunua keshi.

Niko Boston, lazima nije kusaini?
Unampa mtu procura (idhini ya kisheria ya kusaini kwa niaba yako) kwenye ubalozi mdogo wa Italia huko. Ila maneno ya hiyo procura ayaandike notaio wa huku akutumie, ukienda na ya kudownload ataikataa siku ya rogito na muuzaji kashafika.

Naweza kuipangisha Airbnb nisipokuwepo?
Unaweza, lazima uwe na CIN (namba ya usajili wa nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi) na iwekwe kwenye tangazo na nje ya jengo, serikali inachukua 21% ya kodi ya pango kwa nyumba ya kwanza unayoiteua. Tafuta na mtu wa kufua mashuka kijijini kabla hujaweka tangazo.